Siku Niliyochomeka Waya kwa Kupapasa

Nichekeni mapema tumalizane, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile hujikuta nashika nyuma ya suruali, tena nikiwa peke yangu shambani.

Zilikuwa siku za mwishomwisho za Ujamaa, sabuni kwa foleni, madaftari ya watoto hayaonekani dukani, na sisi huku Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kwenye kituo cha ushirika cha kukusanya mboga, tukawa na kompyuta. Mzungu mmoja aliyewahi kufundisha ufundi huku alituachia ya kwake ya nyumbani, pamoja na mashine ya kuchapa na maboksi ya karatasi zile ndefu zilizoungana, akanifundisha mimi karani kuitumia, na tangu hapo nikawa natembea kijijini kama niliyeteuliwa (kumbe karani tu wa kabichi).

Nilitaka kumuoa Rehema. Yeye alishakubali, baba yake alishakubali, aliyebaki ni mama yake, ambaye alisema waziwazi kwamba hamwelewi kijana anayeshinda ndani akibonyezabonyeza wakati wenzake wanapalilia. Basi mwenyekiti wa kijiji alipoitisha watu waje waone mashine ikichapa, Rehema akaniambia, "Elia, mama anakuja. Ukiharibu hapo, mimi sina la kumwambia tena."

Nikahamishia kila kitu ukumbini, meza nikaisukuma hadi ukutani, jenereta ikaunguruma nje. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu mawili yanayofanana kabisa, moja la mashine ya kuchapa, jingine la chombo ambacho hatukuwa nacho. Kila tundu unaliambia kwa kubonyeza herufi lipeleke maneno kwa kasi gani, na kasi hiyo isipolingana na ya mashine ya kuchapa, mashine haielewi kitu. Hayo niliyapanga vizuri. Kilichobaki ni kuchomeka waya tu, lakini nikaona nikabadili nguo kwanza, na niliporudi na suruali yangu ya kwendea harusi za watu, ukumbi umejaa, na mama yake Rehema ameketishwa benchi la mbele, nyuma tu ya kiti changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu.

Sasa, ili niyaone matundu yale ilibidi niilalie meza, yaani nimwelekezee mkwe makalio. Ninyi mliokulia huku hamhitaji maelezo. Nikachagua njia ya adabu: nikasimama ubavu, uso kwao, natabasamu, mkono mmoja ukapapasa kule nyuma, ukapata tundu, nikachomeka.

Nikabonyeza. Kimya. Badala ya kushuku tundu nikashuku kasi, nikaibadili, kimya, nikaibadili tena (nimeshasahau hata ile ya kwanza ilikuwa ipi), jasho linanitoka na baridi yote ile ya Malindi, mwenyekiti akaanzisha wimbo wa kupoteza muda, ukaisha, akaanzisha mwingine.

Mama Rehema akauliza taratibu, "Hiyo ndiyo inayochapa?"

Hapo adabu ikanishinda. Nikageuka, nikailalia meza, nikanyoosha mkono hadi ukutani, na suruali ikapasuka kuanzia mshipi kushuka. Chupi yangu, kwa shida za nguo za wakati ule, ilishonwa kwa kitambaa cha mfuko wa unga, na maandishi yake yalikuwa yamegoma kutoka kwa maji wala sabuni. Wanakisomo wa elimu ya watu wazima walikuwa wamejaa mle, wamekuja kuona maandishi, nao wakasoma kwa pamoja kama walivyofundishwa: "U-nga wa nga-no."

Na waya, ndugu zangu, ukaingia tundu lenyewe wakati huohuo. Ila kasi nilishaivuruga, kwa hiyo mashine ikachapa vijidudu visivyosomeka, ikazitema karatasi moja baada ya nyingine hadi miguuni mwa mama, nami nimeshika suruali kwa mkono mmoja, sijui nizime nini.

Mama akasimama. Nikajua ndiyo anaondoka, na Rehema wangu amekwenda. Akafungua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni bila kuniangalia, kisha akainama kuziokota zile karatasi.

"Upande wa pili ni safi," akasema. "Watoto wataandikia."

Wiki nzima nilijificha. Halafu Rehema akaja kuniambia aliyoyasema mama nyumbani: "Kazi yake bado siielewi. Lakini nilimwona alivyohangaika asinigeuzie mgongo. Olewa naye."

Mashine ile iliharibika zamani, na mama naye tumemzika. Khanga yake Rehema anaitunza sandukuni. Mimi niliapa, na sijavunja: wageni hawaingii kabla sijachomeka kila kitu kwa macho yangu mawili. Na ikinibidi kuinama mbele ya watu, humwomba radhi kwanza aliye nyuma yangu, hata kama kiti ni kitupu.