Shavu la Kushoto

Kwenye ujia wetu wa maduka ya vipodozi, mteja mzoefu haulizi krimu mpya inafanya nini. Anakwenda moja kwa moja kwenye fremu iliyo mkabala na yangu, anamtazama mwenye duka usoni, kwanza shavu la kushoto, kisha la kulia, halafu anaamua. Wengine hata salamu hawatoi. Mwenye duka huyo tulimbandika jina la Nusu, likamganda mpaka mama yake mzazi analitumia.

Utaratibu wake ndio uliompa jina. Bidhaa yoyote mpya ikiingia, iwe losheni, poda au seramu, Nusu aliipaka upande wa kushoto peke yake. Upande wa kulia uliambulia maji na sabuni ya kipande. Baada ya wiki kadhaa shavu lilisema lenyewe. Kama limetoa vipele, hakuficha. Alikaa navyo pale pale kwenye kiti chake kirefu, taa ikimmulika, na ile bidhaa akairudisha kwa aliyemletea pamoja na maneno yake. Hata fandesheni alijipaka nusu. Kuna asubuhi ungemkuta na wanja jicho moja, rangi ya mdomo imeishia katikati, na mgeni angedhani katoka nyumbani akikimbia moto.

Mimi nauza mikoba, kwa hiyo nimelitazama shavu lile kuliko mtu yeyote. Nawaambia, haikuwa ngozi nzuri, na hapo ndipo penye biashara yake. Usichana wake wote ulimalizikia kwenye chunusi. Mashavu yalibaki na vishimo, na kitu kikali kidogo tu kiliyawasha. Krimu ikikubali kwa Nusu, itakubali kwa kila mtu. Wateja walilijua hilo bila kuambiwa.

Kisha kaka yake akaoa.

Mke wa kaka alikuwa hana kazi, kaka akamwomba dada yake amfundishe. Nusu hakubana kitu. Alimfundisha kutambua kopo la bandia kwa mlio wa kifuniko, kunusa krimu iliyokaa juani, na kumkabidhi mteja kioo kabla ya kumtajia bei. Mwanafunzi alipoiva, kaka akampangishia fremu ya mwisho wa ujia. Wateja nao hawakuchelewa, wakamwita Yai, kwa kuwa uso wake ulikuwa kama yai la kuchemsha lililomenywa sasa hivi.

Watu walidhani Nusu alimwonea wivu kwa sababu ya duka. Hapana. Wivu wenyewe ulianzia kwenye sabuni. Siku moja alikwenda kuwatembelea, akamkuta wifi yake kwenye sinki anafua. Yai alipomaliza kufua, akachukua kile kile kipande cha sabuni, akanawa uso, akajifuta kwa shati la mumewe, akageuka anang'aa.

"Jirani, mimi nautibu huu uso tangu niko shuleni," Nusu aliniambia kesho yake, hata mlango hajamaliza kuukunja. "Yule ananawa kwa sabuni ya soksi! Soksi za kaka yangu! Unazijua soksi za kaka yangu?"

"Sizijui."

"Basi Mungu kakuepusha. Na mama naye, kila nikienda, 'Muulize mwenzako anapaka nini.' Hapaki kitu, jirani! Ndicho kinachoniua. Angekuwa anapaka kitu ningekinunua."

Wakati huo ndipo alipokuja yule msambazaji tunayemwita Bwana Jumla, na krimu mpya ya kuondoa madoa, kopo la buluu. Alitaka wakala mmoja tu katika jengo zima. Wengine wote wangechukua mzigo kwa huyo mmoja, kwa bei atakayopenda. Nusu alikuwa akimwomba Jumla uwakala wowote ule tangu siku alizouzia kwenye meza ya mbao nje ya jengo. Sasa Jumla aligawa makopo ya majaribio, moja kwa Nusu, moja kwa Yai, akasema, "Nikirudi naangalia nyuso. Uso utakaonivutia, nauweka kwenye bango, na mwenyewe nampa kazi."

Nusu alilisikia neno bango. Nikaona macho yake yakienda mwisho wa ujia na kurudi.

Siku chache baadaye nikamwona mashavu yote mawili yanateleza.

"Jirani, na kulia nako leo?"

"Kulia nako ni kwangu."

"Sasa utalinganisha na nini?"

"Nimechoka kulinganisha. Unadhani Jumla ataweka nusu uso kwenye bango, ashindanishe na yai zima?"

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kopo ilisema wazi: usiku peke yake, kiasi cha punje ya dengu. Nusu, ambaye alikuwa akiwasomea wateja karatasi kama hizo kwa sauti ya mwalimu mkuu, alipaka asubuhi, akapaka mchana kwenye jua, akapaka usiku. Kila Yai alipopita kwenda kuchota maji, mkono wa Nusu ulikwenda kwenye kopo. Nilimwona. Nilimwambia pia, akanijibu niangalie zipu za mikoba yangu.

Siku Jumla aliporudi, uso wa Nusu ulikuwa mwekundu, unabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa, na kope zimevimba mpaka unashangaa anaonaje njia. Jumla alisimama mbali kidogo. "Pole, mama," akasema, kisha akaenda zake mwisho wa ujia.

Yai akapata uwakala. Kaka akauza pikipiki yake ili wachukue mzigo mkubwa, maboksi yakapandana mpaka dari. Bango likatundikwa mlangoni pa jengo: Yai anacheka, kopo la buluu shavuni.

Wateja waliliona bango, wakapendezwa, wakaingia. Lakini kabla ya kufika mwisho wa ujia, miguu ikawageuza kama kawaida kwenye fremu ya Nusu.

"Mungu wangu! Umepaka nini, shoga?"

"Kopo la buluu."

"Lile la kwenye bango?"

"Lile lile."

Hakuongeza neno. Hakusema uongo hata mmoja. Mteja alishika shavu lake mwenyewe, akasema ahsante, akatoka. Akaja mwingine, ikawa hivyo hivyo. Maboksi ya Yai yakaanza kushika vumbi, na Nusu, huku uso unamwasha, akawa anaimba. Sijapata kuona mtu mbaya wa uso akiwa na furaha namna ile.

Mwishowe Yai alikuja mwenyewe, hajafunga hata duka.

"Wifi, niambie kweli. Ulipaka usiku tu?"

"Kwani wakala ni nani hapa? Hujui bidhaa yako?"

"Sijui! Nikipaka sioni tofauti, nikiacha sioni tofauti. Wateja wananicheka, wanasema huyu hata akipaka oili ya gari atang'aa. Uso wangu unatazamwa tu, wifi, hauuzi. Wote wanakuja kuuona wako, hata ulivyo hivyo."

"Nilivyo hivyo vipi?"

"Ulivyo... umevimba."

Nilikohoa ili nisicheke. Nusu alijishughulisha na kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Kidevu kilikuwa juu. Niliona kwamba angeweza kunyamaza mpaka krimu ile iharibike kwenye makopo. Yai alipoondoka nilivuka ujia. Sikwenda kumhubiria, mahubiri hayana soko pale.

"Hebu piga hesabu," nikamwambia. "Mzigo ukioza, pikipiki ndiyo imekwenda. Kodi ya nyumba watalipa na nini? Kaka yako atahamia kwa nani, kama si kwako?"

"Ahamie tu. Ni kaka yangu."

"Na mkewe atamwacha wapi? Kila asubuhi, jirani, utaamka uukute ule uso kwenye sinki lako. Na sabuni yako."

Alishusha chupa. "We mtu mbaya," akasema, akatoka kwenda mwisho wa ujia.

Nilimfuata, patano la namna hii silikosi. Nusu alitaka nusu ya mzigo ihamie kwake kwa bei ile ile aliyonunulia Yai. Yai akalalamika, wakavutana, akakubali. Kisha Nusu akataka bango lishushwe.

"La Jumla hilo, wifi, siwezi."

"Basi tafuta mtu mwingine wa kukusemea."

"Nikilihamishia dukani kwangu, ndani?"

"Ukuta upi?"

Yai akamwonyesha. Nusu alirudi mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akachungulia kushoto na kulia, akahakikisha kwamba kutoka pale halionekani. Ndipo akainua mkono kukubali.

Mteja aliyefuata alipoguna, Nusu alimjibu kwa sauti ya kusikika ujia mzima. "Kosa si la kopo, ni langu. Karatasi inasema usiku tu, kidogo. Mimi nilijipaka uso mzima, kutwa mara tatu, na juani."

"Wewe? Ulipatwa na nini?"

"Nilitaka kumshinda yule pale."

"Kumshinda kwa nini?"

"Kwani huna macho?"

Ujia ukaangua kicheko, Yai akaficha uso kwa mikono. Lakini hakuna aliyenunua siku ile. Watu wale wanaamini ngozi kuliko maneno. Ilibidi Nusu apone kwanza, kisha aanze upya: kushoto, usiku, punje ya dengu, na kulia maji matupu. Wiki hizo Yai alikuja kila asubuhi kulikagua shavu kama mtu anayekagua mboga zake. Madoa yalipofifia kushoto na kubaki kulia, makopo yakaanza kutoka, kwanza kwa Nusu, kisha kwa wote wawili. Pikipiki haijarudi, ila maboksi yameshuka chini ya dirisha.

Msidhani wamekuwa marafiki. Yai akiinama kukagua shavu, Nusu naye humkagua yeye, kwa karibu, chini ya taa, akitafuta kipele hata kimoja. Juzi alikipata, kidogo, cheusi, karibu na sikio. Alinikonyeza kwa furaha, akachovya pamba kwenye maji, akasema, "Njoo wifi, nikuangalie hapo," na sauti yake ilikuwa na huruma kabisa. Alisugua mara moja tu. Ulikuwa wanja.

Yai alishukuru, akaondoka. Nusu aliitazama ile pamba, kisha akaitupa.

"Jirani," akasema, "hata uchafu ukimkaa, unampendeza."