Bin Isiyo na Nukta

Mjomba wangu Omari bin Hamisi amesomewa hitma mara mbili, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba amekufa. Hitma ya kwanza ilisomwa barua zake kutoka Uingereza zilipokatika. Ya pili ilisomwa baada ya baharia mmoja kurudi Mombasa na kueleza, kwa uhakika wa mtu anayekunywa kahawa ya bure, kwamba Omari alizikwa huko na yeye mwenyewe aliyaona mazishi kwa mbali. Umbali huo hakuutaja. Mara zote mbili pilau ilipikwa, na mara zote mbili mama yangu, dada pekee wa Omari, hakuionja.

"Nitakula nikijua," alisema.

Tangu hapo imepita miaka mingi, na watu wamemzoea kama wanavyozoea saa ya ukutani iliyosimama.

Sababu ya safari yangu ililetwa na simu. Kassim, mtoto wa kaka yangu, anafanya kazi Dubai kwa wakala wa mizigo mtaani Al Ras, upande wa Deira. Asubuhi moja alitutumia picha ya sanduku la bati. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kanada, Heather Binns, aliyemaliza mkataba wake wa kazi, naye alitaka lisafirishwe kwao. Ndani ya kifuniko palikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: Sanduku hili la Omari bin Hamisi, Kibokoni, Mombasa. Yule mwanamke alikuwa amemweleza Kassim kwamba sanduku ni la babu yake, na kwamba hayo ni mapambo.

Mama aliikaribisha simu machoni, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena.

"Itazame hiyo bin," aliniambia. "Sanduku lile niliandika mimi. Omari mwandiko wake kuku angeuonea haya. Nikasahau nukta ya chini kwenye bin, akanicheka mpaka bandarini. Kama haina nukta, ni lake."

Kwenye picha, mahali pa nukta palikuwa na doa. Lingeweza kuwa nukta, kutu, au alama ya kidole cha Kassim.

"Basi Kassim alitazame vizuri," nilisema.

"Kassim? Huyo haoni hata mwezi wa Ramadhani uliokwisha kutangazwa redioni. Nenda wewe. Na huyo mwanamke muulize alipo ndugu yangu."

Mzigo ungepakiwa baada ya siku tano.

Uwanja wa ndege wa Mombasa, siku ya kuondoka, ofisa aliifungua pasipoti yangu akauliza ninakwenda Dubai kufanya nini.

"Kutazama nukta."

"Nukta ni kampuni ya nani?"

Nilimweleza kuhusu mjomba, sanduku na bin. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akaandika: utalii. Nilifanya kazi ya kuripoti kesi za mahakamani kwa miaka mingi, kwa hiyo nimezoea kuona maelezo marefu yakigeuzwa neno moja na mtu mwenye kalamu. Sikujua kwamba safari yote ingekuwa juu ya jambo hilohilo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Al Ras. Wachukuzi walipita na mikokoteni wakipiga kelele za yalla, yalla, na kila duka la viungo lilikuwa na mtu aliyeniita mama kwa lugha tofauti. Kassim alinipokea mlangoni, amenenepa, amevaa fulana yenye jina la kampuni.

"Shikamoo Shangazi. Safari?"

"Marahaba. Sanduku liko wapi?"

"Chai kwanza."

"Kassim."

"Haya, khalas, twende."

Lilikuwa kati ya magunia ya ndimu kavu na feni za kwenda Tanga. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka, na kufuli lilikuwa limevunjwa zamani, kwa nguvu, na mtu asiye fundi. Nilifungua kifuniko. Nikalowesha leso, nikasugua lile doa chini ya bin. Liliondoka lote. Ilikuwa kutu. Nyuma yake palikuwa na bati tupu.

Nilimpigia Mama.

"Haina," nilisema.

"Haina?"

"Haina."

Kisha akauliza, "Na mwenyewe Omari je?"

Saa saba mchana Kassim alinipeleka Silicon Oasis, anakokaa yule mwanamke, kwa pikapu ya kazini. Jina hilo linaahidi chemchemi ya jangwani. Nilichokiona ni majengo ya vioo, maegesho, na mitende iliyopangwa mstari kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Ndani ya majengo hayo watu wanafanya kazi za kompyuta ambazo Kassim alishindwa kunieleza, na ninashuku nao wanashindwa.

Chini ya jengo tulilolifuata alikaa mlinzi, Njoroge, mtu wa Nyeri.

"Mathe, umekuja kutafuta job ama ni visit?"

"Namtembelea jamaa yangu. Ghorofa ya tisa. Heather Binns."

Alitazama daftari, akanitazama mimi, akarudi kwenye daftari. "Huyo ni mzungu, mathe."

"Ni mjukuu wa mjomba wangu."

"Sawa. Na mimi ndio arbab, bosi wa hii bilding yote." Akanifungulia lifti huku akicheka peke yake.

Njoroge ana miaka minane Dubai, na magazeti humwita kibarua mhamiaji. Heather alikuwa na mitatu, naye huitwa mtaalamu wa kigeni. Wazee wa Heather waliohama Uingereza kwenda Kanada huitwa waanzilishi. Mjomba wangu alihama mara nyingi kuliko wote hao, na kwa muda mrefu ameitwa marehemu.

Alifungua mlango mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele za mawimbi amezifunga kwa kamba ya viatu, nyumba imejaa maboksi. Aliyenifungulia hasa ni pua ya mama yangu. Nilikaribishwa maji, nikakaa. Tulizungumza Kiingereza, ambacho nakiweka hapa kwa lugha yetu.

Kassim alikuwa amemwambia tu kwamba kuna mtu anayelijua sanduku lake. Kwa hiyo alianza yeye, kwa furaha, na akanionyesha fremu kubwa ambayo bado haijafungwa kwenye boksi. Ilikuwa nasaba ya ukoo wa Binns. Kampuni moja ya mtandaoni ilikuwa imemchorea: wafugaji wa kondoo wa kaskazini mwa Uingereza, kizazi juu ya kizazi, wote weupe kama kondoo wao. Chini kabisa alikuwapo babu yake, Homer Binns, baharia wa Liverpool, kisha baba yake, Peter, aliyehamishiwa Kanada akiwa na miaka kumi, kisha yeye.

"Sisi ni watu wa kuhama," alisema. "Babu aliondoka Uingereza na sanduku lile tu."

"Na kabla ya Uingereza?"

"Kabla ya Uingereza?" Alifikiri. "Uingereza."

Alikuwa amekwenda hadi kwenye kijiji cha wafugaji hao. Kuna picha yake akikumbatia jiwe la kaburi la Binns mmoja na machozi yanamtoka. Nilimhurumia marehemu, kukumbatiwa vile na mtu asiyemhusu.

"Babu yako alikuwa na rangi gani?" niliuliza.

"Alikuwa mweusi kidogo. Jua la baharini."

Alinionyesha picha yake. Jua hilo lilikuwa kali kweli. Lilimbadilisha babu rangi, likazisokota nywele za mjukuu ambaye hajawahi kupanda meli.

Nilitoa karatasi, nikaandika Omari bin Hamisi. Nikamweleza kwamba bin si jina, ni mwana wa. Kwamba karani wa meli au wa bandari, ambaye huenda alikuwa na haraka ya kwenda kula, alichukua neno la kwanza akalifanya Homer, akachukua la pili akaliongeza herufi likawa Binns, na la tatu akaliacha kwa kuwa nafasi kwenye fomu ilikwisha. Hamisi, baba mtu, akabaki gatini. Ukoo mzima tangu hapo unaitwa Mwana Wa. Wa nani, hakuna aliyeuliza.

Heather aliitazama karatasi, kisha fremu.

"Lakini mimi nina hati," alisema.

"Bila shaka. Njoo uone ya kwetu."

Tuliporudi Deira yeye alikaa kati, mimi dirishani, Kassim kwenye usukani. Gari lilisimama kwenye taa.

"Madam," Kassim alisema, "hebu soma kibao kile cha barabara."

Alisoma. Kilikuwa na jina la Fulani bin Fulani.

Taa iliyofuata. "Na kile?"

Fulani mwingine, bin Fulani.

"Kile cha msikiti?"

Alikisoma kwa kunong'ona.

"Miaka mitatu unapita hapa," Kassim alisema. "Ulidhani hawa wote ni jamaa zenu wa kondoo?"

"Kassim!" nilimkemea, lakini kwa sauti ndogo. Heather alianza kucheka, akaacha katikati, akageuza uso dirishani.

Saa kumi na moja jioni alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Nilimwonyesha neno kwa neno, kutoka kulia. Alipofika kwenye bin nilimweleza kuhusu msichana aliyesahau nukta, na kwamba msichana huyo yuko hai, Kibokoni, anasubiri jibu. Aliweka ncha ya kidole mahali ambapo nukta ingekuwa, akakiacha hapo.

"Anasubiri jibu gani?"

"Babu yako alikufa lini, na amelala wapi."

"Alikufa kabla sijazaliwa. Baba ndiye anayejua." Akapiga simu palepale, na kuipandisha sauti tusikie wote. Kanada ilikuwa asubuhi.

"Baba, babu alikufa lini?"

"Habari za asubuhi na wewe pia," ilijibu sauti. "Nilikwambia zamani."

"Uliniambia amekufa. Lini?"

Mchukuzi mmoja alipita na mkokoteni.

"Hatujui," Peter alisema mwishowe. "Nilikuwa na miaka ishirini. Alisema anakwenda nyumbani. Mama aliandika Liverpool, hakujibiwa. Tukadhani ana familia nyingine huko. Kumwambia mtoto kwamba babu yake amekufa ni rahisi zaidi."

"Alisema nyumbani?" niliuliza. "Hilo tu?"

"Nani huyo?"

"Ni shangazi yangu," Heather alisema, na nadhani neno lilimtoka kabla hajalipima. "Mjibu."

"Nyumbani. Basi. Nyumbani si Uingereza?"

Huko Kanada walidhani yuko Uingereza. Sisi tulidhani yuko kaburini Uingereza. Uingereza haikudhani chochote.

Niliuliza swali ambalo ningemuuliza shahidi yeyote: aliondoka na nini?

"Begi dogo. Sanduku alilifunga, akaliacha. Ufunguo aliondoka nao. Baada ya miaka miwili nililivunja kwa bisibisi."

"Ukakuta nini?"

"Blanketi. Na hayo mapambo."

Asubuhi ya siku ya nne Heather alirudi ofisini akiwa peke yake. Alisimama mbele ya meza ya Kassim.

"Badilisha lebo," alisema. "Haliendi Kanada."

"Linakwenda kwa nani, madam?"

"Acha umadamu. Linakwenda kwa aliyeliandika."

Kompyuta ilidai jina la kwanza na jina la ukoo. Kassim, kwa mazoea ya kazi, alianza kuandika jina la mama yangu, Mwanakombo Hamisi. Heather alimshika mkono. "Usikate. Andika lote." Kikatoka kibandiko kirefu kilichozunguka pembe ya sanduku: Mwanakombo binti Hamisi, Kibokoni, Mombasa. Njoroge angesema ni jina la watu wawili.

Nyumbani, Mama alinisikiliza toka mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho ya Omari alinirudisha.

"Alisema anakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Hapa hakufika mtu."

"Najua, Mama."

Sanduku lilifika baada ya wiki sita. Walikuja majirani, wakaja na wale walioila pilau mara zote mbili, wakasema sasa mambo ni wazi: mtu wa umri ule, aliyeondoka zamani vile, asomewe hitma ya tatu na iwe ya mwisho. Mmoja alikwisha kuuliza habari za mchele. Mama alikuwa amekaa mbele ya kifuniko kilicho wazi, akiicheka bin yake.

"Hamuwezi kumsomea mtu aliyesema anakuja," alisema.

Nilikwenda Dubai nikiamini kwamba mtu hupotea kwa bahari, vita au maradhi. Nimejifunza kwamba fomu yenye nafasi mbili inatosha. Sasa ninaandikia wakuu wa bandari, hospitali na makaburi ya nchi tatu, nikiuliza majina yote mawili, Omari bin Hamisi na Homer Binns, na Heather anafanya hivyo hivyo upande wake. Majibu tuliyopata mpaka sasa ni ya adabu sana.

Wiki iliyopita nilimwita fundi aje kutia kufuli jipya. Mama alimrudisha kutoka mlangoni.

"Ufunguo anao mwenyewe," alimwambia.

Kwa hiyo kufuli limebaki kama Peter alivyoliacha. Mjomba Omari, kama yu hai, anakaribia miaka tisini, na ana begi dogo na ufunguo ambao hauna tena kitu cha kufungua.