Transfo Nzito ya Pisini ya Ubatizo

Mimi ni fundi wa umeme hapa Kasongo, na kichwa changu ni kigumu, wenzangu wote wanajua. Kanisa letu lilipojenga pisini, birika la maji la kubatizia, ndani kabisa, mbele ya mimbari, nilipewa kazi ya kuweka taa majini. Taa yenyewe ilikuwa zawadi ya Wakristo wa ng'ambo, kubwa, ya volti mia moja na kumi. Grupe ya kanisa, jenereta yetu ile ya kelele, inatoa mia mbili na ishirini. Kwa hiyo ilihitajika transfo, kile chombo cha kupunguza nguvu ya umeme.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, ambaye baba yake na babu yake waliuza katika duka lile lile. Akanipa kitransfo chepesi cha volti kumi na mbili, pamoja na taa yake ndogo.

"Ndugu, hii ndiyo ya maji. Ndani iko waya mbili zisizogusana, umeme ya grupe haifiki kwa maji. Ile taa yenu kubwa muiweke inje, kwa maua."

Nikacheka. Sisi mafundi wa huku transfo tunaichagua kwa mkono: ikiwa nzito ina shaba nyingi, basi ni nzuri. Ile yake ilikuwa na uzito wa embe! Kwenye rafu palikuwa na nyingine, ya kuwashia friji za ng'ambo, nzito mpaka bega likalia. "Ile," nikasema.

"Wallahi, ile iko waya moja tu ndani. Haiko ya maji."

"Mzee, wewe uza. Fundi ni mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa mama yangu. Katika watu wa kubatizwa yeye ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote. Miaka yote aliyosali nasi, wengine walilia, walianguka, walinena kwa lugha; yeye alikaa tu na kitenge chake, macho makavu. Siku moja akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliniambia: "Miye Mungu hajanigusa hata siku moja. Labda hanijui." Iliniuma sana. Ndiyo maana niliitaka taa kubwa. Nilitaka siku yake iwake.

Jumamosi mchana tukafanya mazoezi. Grupe ikawashwa, maji yakang'aa, watu wakasema eeeh! Mama akaanza kushuka ngazi. Maji yalipofika magotini akasimama, miguu ikaanza kutetemeka, vidole vikajikunja. Kisha akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Iko ananigusa! Jamani, iko ananigusa!"

Vigelegele! Mchungaji akapiga magoti. Nami, mjinga mimi, nikalia kwa furaha.

Halafu mwanamke aliyefuata akatia mkono majini, akauchomoa mbio. "Aka! Maji iko inaluma!"

Mama yangu weee! Niliruka mabenchi, nikamwangusha mtu, sijui nani, nikatoka nje na kuizima grupe.

Niliporudi, vigelegele vilikuwa vimekatika. Mama alikuwa bado amesimama majini, anavinyoosha vidole vyake na kuvitazama.

"Ameondoka," akasema.

Niliingia na viatu vyangu, nikamshika mabega. Nikamwambia mbele ya kanisa zima kwamba huyo hakuwa Roho. Ulikuwa umeme wa grupe: taa ilikuwa inavuja, na transfo niliyoichagua mimi haikuzuia kitu. Angeshuka ngazi mbili zaidi, angekufa mbele ya macho yangu.

Alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angenizaba kofi.

"Umemaliza kusema?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, mutoto wangu, uwashe tena."