Mwenye Nyumba Kanipatia Mdhamini

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu Pemba, nina watoto wawili na nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa London. Miezi minane iliyopita nilimtoroka mume wangu. Sitaeleza yote, ila mkono wangu wa kushoto mpaka leo haunyooki vizuri. Talaka hataki kutoa, na aliapa kwamba popote nitakapokaa naye atakuwepo.

Tangu hapo tunalala sebuleni kwa rafiki yangu, Woolwich. Amenistahamilia sana, lakini mumewe anarudi safari Jumapili na hatuwezi kuendelea kumjazia nyumba. Nimetafuta pa kupanga hadi nimechoka. Kila wakala anataka payslip, hati za mshahara, za miezi mitatu zinazofanana, na mdhamini mwenye nyumba yake hapa Uingereza. Kazi yangu ni ya zamu, mwezi huu nyingi, mwezi ujao haba, na huyo mdhamini nimtoe wapi? Nimejaza fomu mpaka usiku naota najaza fomu.

Ndipo nikasikia kuna mzee wa kwetu ana flat ya vyumba viwili na hataki mambo ya wakala. Nilimpigia, nikamwita Ami, kama ndugu wa baba yangu, akafurahi. Fomu yake karatasi moja tu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwa mawakala huwa naandika majina mawili, basi. Kwa Ami niliandika kama tunavyojitaja kwetu: jina langu, la baba, la babu, na mtaa tuliotoka. Wallahi niliona raha. Nilijiona nimefika kwa watu wangu.

Sikujua kwamba Ami humchunguza mpangaji kama watu wanavyomchunguza mchumba. Payslip zangu hakuzifungua. Alikwenda kwenye hitima, kisomo cha marehemu, akaanza kuuliza, mtoto wa fulani bin fulani mnamjua?

Juzi akanipigia nikiwa kazini.

"Mwanangu, nyumba yako hiyo. Nshakuulizia, umesifiwa kweli kweli."

"Ahsante, Ami. Umemuuliza nani?"

"Mumeo! Pale hitimani walinielekeza kwake. Mtu mstaarabu yule. Kanambia mna ugomvi mdogo tu, utakwisha. Na udhamini kauchukua yeye, keshatia saini."

Nilikaa kwenye ngazi. Nikamwambia, "Ami, yule mtu mimi nimemkimbia. Alinivunja mkono."

Akacheka kwa upole, kama anambembeleza mtoto. "Mimi na mke wangu miaka arubaini tunagombana, na hatujaachana. Njoo Jumamosi saa nne uchukue ufunguo wako. Wa pili nshampa yeye, kasema atatangulia kuweka mapazia."

Nilikata simu bila kuaga. Nina hasira na Ami, lakini hasira zaidi ninazo juu yangu. Miezi minane ya kujificha nimeimaliza kwa kalamu yangu mwenyewe.

Rafiki yangu anasema nichukue nyumba, nibadilishe kitasa, nipige ripoti polisi. Lakini saini ya mume wangu imo kwenye mkataba, na Ami mlango atamfungulia mwenyewe kwa nia njema. Nikienda council, serikali ya mtaa, kuomba nyumba, naambiwa huenda tukapelekwa mji wa mbali, na kazi ndiyo imekwisha. Binti yangu ameshachagua kitanda chake kitakaa upande gani wa chumba kipya. Sijamwambia kitu.

Kuna jambo jengine ambalo rafiki yangu sijathubutu kumwambia. Fomu ile iliuliza ninaishi wapi sasa, nami nikaandika: mtaa, namba ya mlango, kila kitu. Mume wangu bila shaka keshaisoma alipotia saini. Mume wangu alikuwa akinipigia mara ishirini, thelathini kwa siku, sipokei. Tangu juzi hajapiga hata mara moja.

Leo Alhamisi. Ndugu zangu, mama zangu, nipeni akili. Nisubiri Jumamosi, au niwachukue watoto nitoke humu sasa hivi? Na nikitoka, niende wapi?