Mwalimu wa Ukoga

Miaka ile ya wakimbizi nilipata kazi ya kufundisha usafi wa kinywa katika kambi moja, mbele ya Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu. Nilikuwa binti wa Ujiji mwenye cheti kipya na maneno mengi. Nilipewa taya la plasta, mswaki mkubwa kama ufagio na koti jeupe lililonifika magotini. Nikajiona daktari kamili.

Somo lenyewe nililihifadhi neno kwa neno. "Kinywani mna bakteria wengi," niliwaambia akina mama wa Kirundi. "Wengine hawana ubaya, hata wanatulinda. Lakini ukiwaachia wale wabaya, wanajenga ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Ukoga ukikaa, fizi zinavimba na kutoa damu. Ukiona damu usiogope, sugua taratibu. Ukipaacha bila kusugua, ndipo bakteria wanaposhamiri."

Sasa mimi mwenyewe fizi za mbele zilikuwa zikitoa damu tangu chuoni. Nikiona povu jekundu tu, mswaki naupitisha mbali, kama mtu anayekwepa nyumba yenye mbwa mkali. Mganga hajigangi, na mimi methali hiyo niliishika kuliko somo.

Warundi wana salamu yao. Mnakumbatiana, mnashikana juu ya viwiko, shavu huku, shavu kule, na muda wote huo mnaulizana habari za ukoo mzima. Miezi ya kwanza walinisalimu hivyo. Kisha nikaona wananipa mkono tu, tena wameunyoosha wote, uso wameugeuza pembeni. Nilifurahi! Nikamwandikia mama kwamba huku sasa naheshimiwa, watu hawanizoei ovyo. Hata mwendo nikabadilisha, nikawa natembea polepole kama mkuu wa wilaya.

Wakati huohuo jino langu moja la mbele likaanza kucheza. Hapo niliogopa kweli. Mwalimu wa meno mwenye pengo, nani atamsikiliza? Nikaamua kulitibu kwa kutolitaja.

Aliyebaki kunikumbatia ni bibi mmoja tu, ambaye binti yake alifariki njiani wakati wanakimbilia huku. Hakukosa somo hata moja. Siku moja alisubiri mpaka wenzake wakaondoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Kaa hapa." Akashusha sauti. "Watu wanakupenda. Lakini kinywa chako kinanuka. Ndiyo sababu wanakupa mkono."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na koti langu. Barua kwa mama ilikuwa imeshafika Ujiji na bila shaka mtaa mzima umesomewa.

"Mbona wewe unanikumbatia?" nikauliza.

"Nabana pumzi," akasema. "Ila salamu yetu ni ndefu, na mimi ni mzee, pumzi zangu chache." Nilicheka huku machozi yananilenga. Yeye hakucheka. "Sina binti mwingine wa kukumbatia. Nenda ukatibiwe."

Kesho yake nilidandia lori la kambi hadi Kigoma mjini. Mganga wa meno alikwangua ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, akaguna, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza dagaa kwenye mwalo wa Katonga. Jino la mbele halikuokoka, maana mfupa uliolishika ulikuwa umeshaliwa. Akanielekeza jinsi ya kusugua fizi, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nikiwahubiria wenzangu kila wiki, nami nikaitikia kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Nilirudi kambini na pengo langu, mdomo nimeufunga kwa aibu. Bibi aliniona tangu mbali. Akanishika viwiko, shavu huku, shavu kule, akaniuliza habari za mama, za baba, za dada na mjomba. Alipowamaliza wote akaanza tena na mama, na mimi sikutaka aniachie.