Kibonyeo Alichokiondoa Roy Amphlett

Roy Amphlett alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa jana wala juzi. Ulikuwa uchovu wa miaka hamsini na sita ya kunyoosha bodi za magari, ule unaoingia kwenye viganja na kukataa kutoka hata mtu akilala siku tatu mfululizo. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Goti la kulia lilikuwa la chuma, sikio la kushoto lilisikia mvumo tu, na kila asubuhi alipofungua karakana yake nje kidogo ya Pershore, katika jengo ambalo zamani watu walihifadhia plamu, alijiambia maneno yale yale: hili ndilo gari la mwisho.

Maureen, mkewe, alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa magari tisa.

Safari hii gari lilikuwa Harnwell la mwaka 1934, la mbio, la viti viwili, bodi yake ya bati jembamba la alumini juu ya fremu ya mbao. Harnwell zilitengenezwa kumi na moja tu kabla kiwanda hakijafilisika, na katika hizo hili ndilo lililopata jina. Kapteni Hugh Lyddon alilipandisha mlima Ashcombe mwezi wa Julai 1938, mvua ikinyesha, akayabwaga magari matatu yenye injini mara mbili ya yake. Ipo picha aliyopigwa kileleni siku ile, amelowa, anacheka. Kwenye mkia wa gari, nyuma kidogo ya kifuniko cha tangi la petroli, kinaonekana kibonyeo cha ukubwa wa yai.

Kuhusu kibonyeo hicho wataalamu waliandika kurasa. Walisema jiwe liliruka kutoka kwenye tairi la mwenzake katika kona ya pili. Mmoja akabisha, akasema kona ya tatu, na wawili hao hawakusalimiana tena hadi mmoja alipokufa. Lililo hakika ni kwamba Lyddon hakukubali kinyooshwe. Alishindana nacho mpaka vita vilipokuja, akaenda vitani, hakurudi. Gari likauzwa, likauzwa tena, likaishia kwenye banda la kuku, likatolewa humo miaka thelathini baadaye likiwa na mayai kwenye kiti. Kila aliyelimiliki alibadilisha hiki na kile, lakini mkia hakuugusa. Watu wa magari ya zamani ndivyo walivyo. Rangi mpya watakuchekea, ila kovu la mbio watalivulia kofia.

Mwenye gari sasa alikuwa Giles Farrant, daktari wa meno, mtu mchangamfu mwenye kupenda kusimama karibu mno na anayefanya kazi.

"Roy, mzee wangu, fanya lolote utakalo," alikuwa amemwambia siku ya kulileta, "ila kovu usiliguse. Ukiligusa nitalia mbele za watu."

"Lia tu. Wagonjwa wako wanalia kila siku na hakuna anayekufa."

Lakini Roy mwenyewe ndiye aliyekata utepe mwekundu, akaubandika kuzunguka kibonyeo, akaandika juu yake kwa kalamu nene: ACHA. Nayasema haya ili pasiwe na mtu wa kumtafutia visingizio. Hakudanganywa, wala hakukosa kuambiwa.

Jumanne asubuhi alikuwa akinyoosha mkunjo uliokuwa shubiri moja kutoka pale. Kazi yenyewe ni ya mikono miwili: wa kushoto unaingia chini ya bati na kushikilia fuawe ndogo, wa kulia unagonga kwa juu, polepole. Macho hayana kazi kubwa. Fundi mzuri hutazama dirishani. Roy alitazama dirishani. Aliwaza kuhusu goti, kuhusu nyumba ndogo ambayo Maureen aliitaka kule pwani ya Wales, kuhusu chai. Chini ya bati mkono wa kushoto ulikuta bonde, ukatulia hapo kama ulivyotulia kwenye mabonde elfu na elfu kabla yake, na wa kulia ukaufuata. Tok, tok, tok. Utepe ukapasuka, ukaanguka sakafuni. Alipogeuza uso mkia ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

Alikaa kwenye kreti la chupa. Hakutukana, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Mchana ule ule Giles akapiga simu, sauti imejaa sherehe. "Roy! Huwezi kuamini. Nimempata binti wa Lyddon! Bi Daphne. Ana miaka tisini na mmoja, yuko kwenye nyumba ya wazee Malvern, na akili yake ni wembe. Namleta Alhamisi. Na unajua ameuliza kitu gani? Kimoja tu. Kile kibonyeo bado kipo? Nikamwambia kipo, mama, hakuna aliyekigusa."

"Vizuri," Roy akasema.

Jioni Maureen alimwekea pai ya nyama, akamwona anaizungusha sahanini.

"Una nini wewe? Pai imekukosea?"

Akamweleza. Maureen alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka uma chini.

"Basi kirudishe. Si ni kugonga tu? Umegonga maisha yako yote."

"Nimegonga kutoa, Mo. Sijawahi kugonga kutia."

"Kutia ni rahisi. Hata mimi nilitia kimoja kwenye gari letu pale sokoni, na sikusomea."

Akacheka bila kutaka. Kisha akasema, "Nikimwambia Giles, ndiyo basi. Watu wale wote wanajuana. Wiki haiishi, Amphlett ni yule mzee aliyefuta Ashcombe. Miaka hamsini na sita, na nitakumbukwa kwa mapigo kumi."

"Ulisema unataka kuacha."

"Kuacha, ndiyo. Kufukuzwa, hapana."

Jumatano alijaribu. Alikata vipande vya alumini ya unene ule ule, akaitundika ile picha mbele yake, akagonga. Cha kwanza kilikuwa na kina mno. Cha tatu kilikuwa na ukingo mkali. Cha saba, hata Lyddon mwenyewe angekichukua kuwa chake. Roy akakitazama kwa fahari, na ile fahari ikamkata maini. Akaenda na nyundo hadi kwenye mkia wa Harnwell, akaiinua, akaishusha taratibu bila kugusa.

Ningependa kusema kwamba ni uadilifu uliomzuia. Mwenyewe alijua kuwa ni uchovu. Uongo unataka matunzo, leo ulishe, kesho ulifunike, na yeye hakuwa na nguvu za kufuga kitu kipya. Lakini simu ya kumwambia Giles ukweli nayo hakuipiga. Akautandikia mkia blanketi, akaenda zake nyumbani, na mpaka Alhamisi inafika hakuwa amejua atasema nini.

Wakafika saa nne asubuhi. Bi Daphne Lyddon alikuwa mwembamba, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye mkono wa Giles. Macho yake yalikuwa yameishiwa nuru katikati. Aliona kingo za vitu tu, kwa hiyo alimtazama Roy kwa kuangalia bega lake.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mama. Karibu. Chai?"

"Chai baadaye. Nipelekeni nyuma."

Roy akaondoa blanketi. Giles, aliyekuwa tayari ameanza hotuba yake kuhusu kona ya pili, akakwama katikati ya neno. Akautazama mkia, akamtazama Roy. Lakini kikongwe alikwisha kuvua glavu. Vidole vyake vilitambaa kutoka kwenye kifuniko cha tangi, inchi kwa inchi, vikasimama mahali penyewe hasa, juu ya bati laini.

"Hiki hapa," akasema kwa upole. "Hiki hapa kibonyeo changu."

Giles akamtikisia Roy kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Nyamaza. Na kunyamaza kungetosha. Bibi angekunywa chai yake, angerudi Malvern na furaha yake, na Roy angekuwa na alasiri nzima ya kugonga mkiani kingine kama kile cha saba. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na hilo kwa mtu aliyechoka ni zawadi.

"Hakipo, mama," Roy akasema.

"Roy!" Giles akafoka.

"Hakipo. Nimekinyoosha mimi, Jumanne. Nilikuwa nimekatazwa, na nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kisiguswe. Mikono ilikwenda yenyewe. Naweza kukutengenezea kingine usiweze kutofautisha, ila hakitakuwa chenyewe. Nisamehe."

Bi Daphne hakuondoa vidole.

"Najua hakipo," akasema. "Macho yamekufa, vidole bado. Nilitaka kuona kama kuna atakayeniambia." Akageuza uso upande wa Giles. "Na lile jiwe lenu, kijana, litupeni. Hapakuwa na jiwe."

"Lakini picha, mama..."

"Nilikuwa na miaka sita. Wiki moja kabla ya Ashcombe nilichukua nyundo gerejini nikapiga, kwa sababu baba alilipenda gari hili kila Jumamosi na mimi Jumapili tu. Akaniuliza, Daphne, nani kafanya hivi? Nikasema sijui. Aliniuliza mara moja tu. Kisha akamwambia fundi wake, kiacheni, kitanyooshwa siku mwenyewe atakaponiambia."

Nje lori la mboga lilipita, vioo vikatetema.

"Akashindana nacho," kikongwe akaendelea. "Kila mbio alikuwa akinitazama kabla ya kupanda, ananingoja. Hata asubuhi aliyoondoka na sare yake alipita gerejini, akaweka mkono hapa, akanitazama. Nikamwambia safari njema, baba." Akavuta pumzi. "Wewe umeweza kwa siku mbili, fundi. Mimi miaka themanini na mitano."

Roy akamsogezea lile kreti akae, lakini yeye akakataa kwa kichwa. Aliiegemeza fimbo kwenye gurudumu, akaweka viganja vyote viwili juu ya bati lililonyooka, akainama karibu kama anayezungumza na mtu aliyelala.

"Ni mimi, baba," akasema. "Ni mimi niliyepiga."