Shangazi na Waya wa Ardhi

Shangazi yangu, mdogo wake baba, ni fundi umeme wa gati la boti, na hakuna kinachomfurahisha kama sifuri. Mimi shuleni sifuri zilinipatia viboko. Yeye akiipata anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

Kila asubuhi, akishamaliza chai yake katika chumba cha vifaa, anatoka na mita yenye taya kama koleo. Gatini kuna nguzo fupi za soketi, na kila boti iliyofungwa pale inapata umeme kwa waya mmoja mnene. Shangazi anaubana waya mzima kwa ile mita. Umeme uliokwenda botini ukirudi wote, mita inasoma sifuri. "Usiporudi wote," huniambia, "ujue kuna anayeula njiani. Na mlaji mwenyewe ni maji." Huu ni mwaka wa kumi na nne anafanya kazi hiyo, akiimba kwa sauti ambayo Mungu hakumjalia, na sijamwona akiichoka. Kusema kweli, namwonea wivu.

Jumamosi moja nilimpelekea chakula, nikafuatana naye. Tukafika kwenye boti ya mwalimu mstaafu ambaye pale gatini wanamwita Profesa, kwa vile hakuna jambo asilolijua. Wajukuu wake wawili walikuwa wamekaa ukingoni na nguo za kuogelea. Shangazi akabana waya, akatazama mita; haikuwa sifuri. Kisha akazima breka, ile swichi kuu ya nguzo.

Profesa akatoka botini mbio. "Wewe mama! Friji yangu! Nani kakwambia uzime?"

"Shikamoo, mwalimu. Umeme unavuja. Watoto wasiingie majini."

"Marahaba," alifoka, maana hata hasira ina adabu zake. "Unavuja, kwani ni bomba? Hebu pisha niwashe."

Mimi nikawavuta watoto mikono, wakaninunia. Shangazi, ambaye hata mbuzi wa kukopa anaweza kumwangusha, akasimama mbele ya nguzo.

"Hauwashwi, mwalimu."

"Nitakushtaki kwa meneja!"

"Nishtaki. Lakini kwanza tuangalie plagi."

Akaichomoa, akaifungua kwa bisibisi. Ule waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa vizuri na kuvishwa utepe.

"Nani kaukata huu?"

"Mimi," alisema Profesa kwa fahari. "Si ndio waya wa ardhi? Haya, nionyeshe ardhi iko wapi hapa. Boti inaelea! Nimeutoa tangu jana mchana, na friji inagandisha vilevile."

Nikiri tu, niliona ana hoja. Nikacheka chinichini.

Shangazi hakucheka. "Hilo ni jina tu, mwalimu. Kazi yake ni kuurudisha umeme uliotoroka, ili breka ijizime. Kuna kitu kimeharibika humo ndani, nadhani hita ya maji. Umeme umetoroka, njia ya kurudia umeikata, basi unapitia ziwani. Na maji ya hapa hayana chumvi, yanaupitisha kwa shida kuliko mwili wa mtu. Umeme ukikuta mtu ndani yake, unaona afadhali upite mwilini mwake. Misuli inakaza, mtu anazama hata kelele hapigi."

Mjukuu mdogo wa Profesa, yule mwenye mapengo, akamvuta babu yake shati.

"Babu, jana jioni nilivyotia miguu si nilikwambia maji yananiuma? Ukasema ni samaki."

Profesa alikaa chini palepale juu ya mbao. Akampakata mtoto, akaanza kumshika vidole vya miguu, kimoja kimoja, mpaka vikaisha vyote kumi, kisha akaanza upya.